Kinshasa, saa kumi ya usiku

Wazee wakizungumzia mwaka 1974 hawakosi kutaja jina la Ali. Wengi wetu tunaitika tu, bila kufahamu. Basi tueleze kidogo.

Nchi yetu wakati ule iliitwa Zaire, na mwaka wenyewe ulianza vizuri. Mwezi wa tatu Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia katika Ujerumani ya Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika pale, na Yugoslavia ikawafunga 9–0. Ilikuwa haya kubwa. Njo katika hali hiyo Kinshasa ilipokea mechi ya ngumi ya ubingwa wa dunia, kati ya Waamerika wawili weusi: George Foreman, bingwa, na Muhammad Ali.

Kwa nini Kinshasa, na si New York? Juu ya pesa. Don King aliwaahidi wapiganaji dola 5,000,000 kila mmoja, naye hakuwa nazo. Serikali ya Mobutu ikakubali kuzitoa. Ilitaka jina la Zaire lisikike, na mabango ya mjini yalisema wazi: weusi wawili wanapigana katika nchi ya weusi, weusi wametengeneza mambo yote, dunia nzima inatazama. Shaba ilikuwa ya bei kubwa mwanzo wa mwaka ule, kisha bei ikaanguka. Mwaka 1975 serikali ilishindwa kulipa madeni yake. Tusidanganyane, si mechi peke yake iliyoleta madeni yale, lakini dola milioni kumi si mchezo.

Siku iliyopangwa ilikuwa 25 Septemba. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, ikabidi kungoja wiki tano. Wanamuziki walifika hata hivyo: James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, pamoja na Franco na Tabu Ley wa kwetu. Waliimba siku tatu, mpaka 24 Septemba.

Katika kungoja huko, watu walichagua mtu wao. Foreman alishuka na mbwa mkubwa wa Kijerumani, sawasawa na mbwa wa polisi ya Wabelgiji, na hakuna aliyewasahau. Ali yeye alikimbia mazoezi yake kandokando ya mto kule Nsele akiongea na watu njiani. Tena walijua kwamba mwaka 1967 alinyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Wakampigia kelele: «Ali, boma ye!» Siye wa Kiswahili tusidhani ni boma la ng'ombe. Kwa Kilingala ni kusema «muue».

Mechi ilipigwa tarehe 30 Oktoba, saa kumi ya usiku. Huku Uvira ilikuwa saa kumi na moja, wakati wavuvi wa ndagala wanarudi ufukoni. Saa hiyo ilichaguliwa kwa ajili ya televisheni: New York ilikuwa ingali saa nne ya usiku. Wenye mechi wakakesha ili wageni watazame kisha chakula cha magaribi!

Foreman alikuwa na miaka 25, hajashindwa hata mara moja. Ali, miaka 32, aliegemea kamba za ulingo, akafunika uso kwa mikono, akamwacha mwenzake apige, apige, mpaka mikono ikawa mizito. Katika raundi ya 8 akamwangusha. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ikanyesha juu ya uwanja.

Picha ya Mobutu ilikuwa kubwa sana pale, lakini mwenyewe hakuwapo. Alitazama kwake nyumbani. Kwa hiyo mimi nasema fahari ya usiku ule ilikuwa ya watu. Pesa zilikuwa zao pia, ingawa hakuna aliyewauliza.

Kinshasa ilipokea dunia tena kuanzia 28 Julai mpaka 6 Agosti 2023, kwa Michezo ya nchi zinazotumia Kifaransa. Vita vilikuwa vikiendelea huku mashariki, na wengi waliuliza pesa za viwanja zingefanya nini kingine. Ulizo hilo lilikuwa la haki, sawa vile lingekuwa la haki mwaka 1974, kama lingeruhusiwa kutoka kinywani.

Uwanja wa Ali ungali upo. Wabelgiji waliufungua mwaka 1952 kwa jina la mfalme wao Baudouin. Mobutu akauita 20 Mai, tarehe ya chama chake, MPR. Alipoanguka mwaka 1997 ukapewa jina la Tata Raphaël, padri Mbelgiji aliyeeneza michezo kwa vijana wa mji ule.