Damu ya Jukwaani na Damu ya Puani

Wanangu wa Luberizi, sogeeni karibu. Ni msimu wa Noeli, na waimbaji wamesimama mbele ya jumba kubwa lililochakaa, wanaimba nyimbo za furaha kwa sauti tamu. Hawajainua macho. Juu ya paa, familia nzima imekusanyika na sufuria kubwa inayofuka moshi, wameishika pembeni, tayari kuimimina.

Hivyo ndivyo inavyoanza The Addams Family, sinema iliyotoka Marekani mwaka 1991, wakati nchi yetu ilikuwa bado ikiitwa Zaire. Familia hiyo ilizaliwa kwenye karatasi: mchoraji Charles Addams alianza kuichora mwaka 1938 katika jarida la The New Yorker, mwaka 1964 ikaingia kwenye televisheni, na mwishowe mwongozaji Barry Sonnenfeld akaipeleka kwenye sinema. Mama Morticia akishika mkasi, anakata maua ya waridi na kuyatupa, kisha anapanga miiba kwenye chombo. Ndani ya nyumba kuna mkono mtupu, usio na mwili, unaotembea kwa vidole vyake na kutumwa huku na huku. Binti yao Wednesday hacheki, na michezo yake na kaka yake Pugsley ni ya kutisha (hiyo ni ya kutazama tu, mtu asiende kuijaribu nyuma ya nyumba).

Mbona basi watu wanacheka? Kwanza, kila kitu kwao kimegeuzwa, cha kuchukiza kinapendwa na cha kupendeza kinatupwa. Lakini mimi naona kuna sababu kubwa zaidi. Watu hawa wanapendana kupita kiasi. Baba Gomez anampenda mkewe kana kwamba harusi ilikuwa jana. Hakuna mtoto anayefokewa kwa sababu ya jinsi alivyo. Ukitazama kwa dakika chache hofu inakutoka, kwa sababu umeshajua kwamba ndani ya nyumba ile hakuna atakayefukuzwa.

Hadithi yenyewe ni ya baba mkubwa, Fester, kaka yake Gomez, aliyepotea miaka 25. Siku moja anatokea mlangoni. Mwanamke mlaghai aitwaye Abigail amemtuma mwanawe anayefanana na Fester, ili aibe utajiri wa familia. Anayemshuku zaidi ni Wednesday. Hapigi kelele wala hamtukani. Anamwangalia, anamwuliza, anamchunguza. Na mwisho tunajua kwamba mgeni yule ni Fester wa kweli, ila alikuwa amepoteza kumbukumbu na kulelewa na mlaghai.

Kabla ya hapo kuna tamasha la shule, na hapo ndipo nilipotaka kuwafikisha. Wednesday na Pugsley wanapigana kwa panga jukwaani. Mkono unaruka, damu ya bandia inachuruzika kama bomba lililopasuka, inawalowesha wazazi waliovaa vizuri katika viti vya mbele. Ukumbi mzima umeduwaa. Familia ya Addams peke yake inasimama kwa furaha na kuwapigia makofi watoto wao.

Iwekeni damu hiyo akilini, tuje kwetu.

Mwaka 2023, kwenye tamasha la sinema la Cannes, Ufaransa, filamu iitwayo Augure ilipata tuzo ya Sauti Mpya. Aliyeitengeneza ni Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji. Ilipigwa picha Kinshasa na Lubumbashi, na ndani yake mtasikia Kiswahili pamoja na Kifaransa na Lingala. Ni ndoto na uchungu pamoja, na kuna mahali utacheka huku koo limebana. Msiitazame peke yenu, kaeni na mtu mzima.

Katika filamu hiyo, Koffi alizaliwa na doa shavuni, mama yake akaliona kuwa alama ya shetani, na kijana akaishia kuishi Ubelgiji. Sasa anarudi na mchumba wake mjamzito, Alice, kuleta mahari. Nyumbani hakuna mkono unaotembea wala sufuria juu ya paa. Kuna shangazi, wajomba na chakula, watu wenye heshima zao. Koffi anapewa mtoto mchanga ambebe. Anambeba. Pua yake inatoka damu, matone yanamwangukia mtoto.

Nyumba inalipuka kwa makelele. Mtoto ananyakuliwa. Koffi anakamatwa, anavikwa kinyago cha mbao na kufanyiwa tambiko kama mlozi, kwa sababu ya matone tu.

Wanangu, hili nitawaeleza polepole. Ndani ya pua, karibu na tundu, kuna mishipa myembamba mno ya damu. Hewa kavu, vumbi, mafua, au kuchokonoa kwa kidole huipasua. Nyinyi wa uwanda wa Ruzizi mnalijua joto la kiangazi na vumbi la barabara ya kwenda Uvira. Damu ikikutoka puani, keti, inamia mbele kidogo, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia, upumue kwa mdomo. Usirudishe kichwa nyuma, damu itashuka kooni. Isipokoma kabisa, nendeni kituo cha afya. Na lile doa la Koffi ni mishipa midogo iliyopanuka chini ya ngozi tangu tumboni. Watoto kama 3 katika kila 1,000 huzaliwa nalo. Haliambukizi mtu, wala halimlaani mtu.

Hapa kwetu Congo, kumwita mtoto mlozi ni kosa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2006 kinakataza jambo hilo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaliadhibu. Nawaambia ili mkisikia mwenzenu ananyoshewa kidole, kwa sababu ya ndoto, ya ugonjwa au ya kukojoa kitandani, mjue kwamba aliyevunja sheria ni mwenye kidole.

Baloji hakuishia kwa Koffi. Filamu yake inafuata watu wanne, wote wameshaitwa walozi: Koffi, dada yake Tshala, Paco ambaye ni mtoto wa barabarani, na wa nne ni Mama Mujila, mama mzazi wa Koffi, yule yule aliyeliogopa doa la mwanawe.