Kwa nini majeruhi wa moto hufariki siku kadhaa baada ya mkasa

MNAMO Januari 31, 2009, lori la mafuta ya petroli lilipinduka katika eneo la Sachang'wan, karibu na mji wa Molo, kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret. Wakazi na wapita njia walimiminika kuchota mafuta hayo, na punde si punde moto ukalipuka na kuwateketeza. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Si wote waliofia pale barabarani. Baadhi yao walikata roho hospitalini baadaye.

Hali kama hiyo ilishuhudiwa tena Septemba 12, 2011, wakati mafuta yaliyovuja kutoka kwenye bomba yaliposhika moto katika mtaa wa mabanda wa Sinai, jijini Nairobi. Huko pia zaidi ya watu 100 walifariki, na idadi ya waliokufa iliendelea kupanda wakati majeruhi walipokuwa wakitibiwa.

Jambo hili huzitatanisha familia nyingi. Mgonjwa hufikishwa hospitalini akiwa na fahamu, huwatambua jamaa zake, huomba maji ya kunywa na hata kueleza jinsi mkasa ulivyotokea. Siku ya tatu au ya kumi, jamaa hao hupashwa habari kwamba ameaga dunia. Wapo wanaoamini kwamba ameuawa na uzembe wa wahudumu, na wapo wanaoshuku mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba jeraha kubwa la moto huua kwa awamu, na kila awamu ina tiba yake pamoja na muda wake.

Ngozi ndiyo ukuta wa mwili. Huzuia maji yaliyo ndani yasitoke, huzuia viini vilivyo nje visiingie, na huhifadhi joto. Mtu anapoungua, ukuta huo hubomoka. Hata hivyo, ubongo wake haujaguswa, na ndiyo sababu huweza kuzungumza kama kawaida. Aidha, moto uliopenya hadi chini kabisa ya ngozi huharibu mishipa ya fahamu, hivyo sehemu iliyoungua vibaya zaidi huenda isiume hata kidogo. Mgonjwa asiyelalamika si lazima awe mwenye nafuu.

Daktari anapompokea mgonjwa kama huyo, swali lake la kwanza ni kiasi gani cha mwili kilichoungua. Kwa mtu mzima, kichwa na shingo huhesabiwa kuwa asilimia 9 ya mwili, kila mkono asilimia 9, kila mguu asilimia 18, kifua na tumbo asilimia 18, mgongo asilimia 18, na sehemu za siri asilimia 1. Kwa mtoto mchanga hesabu hubadilika kwa kuwa kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili. Kwa majeraha yaliyotawanyika, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole hukadiriwa kuwa asilimia 1.

Hesabu hiyo ndiyo huamua tiba ya awamu ya kwanza, yaani saa 24 hadi 48 za mwanzo. Katika kipindi hicho, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, na maji pamoja na chumvi huhama kutoka kwenye damu na kuingia katika nyama za mwili. Mgonjwa huvimba huku damu yake ikipungukiwa na maji. Asipoongezwa maji kwa haraka, shinikizo la damu hushuka, figo hukosa damu ya kuchuja, na mgonjwa hufariki. Huyu ndiye yule aliyekuwa akizungumza jana.

Kanuni inayotumiwa na hospitali nyingi duniani ni kumpa mgonjwa mililita 4 za maji ya dripu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa kila asilimia ya mwili iliyoungua. Tuseme mtu mwenye uzito wa kilo 60 ameungua asilimia 40 ya mwili wake. Atahitaji takriban lita 9.6 katika saa 24 za kwanza. Nusu ya maji hayo yanapaswa kuingia mwilini katika saa 8 za mwanzo, na saa hizo huhesabiwa tangu wakati alipoungua wala si tangu alipofika hospitalini. Anayepoteza saa 5 akitafutiwa gari amebakiwa na saa 3 pekee.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Wauguzi hupima mkojo wake kila saa, kwa kuwa mkojo ndio unaoonyesha iwapo maji yanatosha. Maji yakizidi nayo ni hatari, kwani huweza kujaa mapafuni.

Sambamba na hilo kuna hatari ya moshi. Mtu aliyefungiwa katika chumba kinachowaka huweza kuwa na majeraha madogo ya ngozi, ilhali koo na mapafu yake yameungua. Sauti ikikwaruza, nywele za puani zikiwa zimeungua, au makohozi yakiwa na masizi, madaktari huingiza mpira wa kupumulia mapema, kabla koo halijavimba na kuziba kabisa.

Mgonjwa akivuka siku hizo za mwanzo, huingia awamu ya pili, ambayo adui wake mkuu ni viini. Ngozi iliyokufa huwa chakula cha bakteria, nao hupenya hadi kwenye damu. Vifo vingi vya wiki ya kwanza na zile zinazofuata hutokana na maambukizi haya, ambayo humaliza mapafu, figo na moyo kimoja baada ya kingine.

Kwa miaka mingi, desturi ya madaktari ilikuwa kusubiri ngozi iliyokufa ibanduke yenyewe. Daktari Zora Janžekovič wa mji wa Maribor, nchini Slovenia, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Yugoslavia, aligeuza desturi hiyo. Katika miaka ya 1960 alianza kuparuza ngozi iliyokufa siku chache tu baada ya mgonjwa kuungua, na kufunika kidonda papo hapo kwa ngozi nyembamba iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wa mgonjwa. Makala yake ya 1970 iliwafungua macho wapasuaji wengi, na sasa njia hiyo ndiyo msingi wa tiba.

Tatizo ni kwamba upasuaji huo unahitaji damu nyingi ya kuongezewa mgonjwa, wataalamu wa nusukaputi, na wodi inayoweza kuwatenga wagonjwa ili wasiambukizane. Huduma hizo hazipatikani katika kila hospitali ya kaunti. Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), majeraha ya moto huua takriban watu 180,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani. Katika vituo vyenye vifaa kamili, kijana aliyeungua nusu ya mwili ana matumaini makubwa ya kupona. Kwingineko, jeraha hilohilo mara nyingi huwa hukumu ya kifo.

Lishe nayo ni tiba. Mwili wa aliyeungua vibaya hutumia nguvu nyingi mno, wakati mwingine karibu maradufu ya kawaida. Mayai, maziwa, maharagwe, samaki na nyama humsaidia kujenga ngozi mpya.

Kupona kidonda si mwisho wa safari. Kovu hujikunja na kuvuta shingo, kiwiko au vidole visiweze kunyooka. Ndiyo maana mazoezi ya viungo huanza mgonjwa angali kitandani, japo ni machungu. Anayeyakwepa leo huenda akahitaji upasuaji mwingine kesho. Wengi pia hukabiliwa na macho ya watu, kupoteza kazi na huzuni ya muda mrefu, hivyo ushauri nasaha haupaswi kuchukuliwa kama anasa.

Kwa vile saa za kwanza ndizo zenye uzito mkubwa, sehemu ya tiba imo mikononi mwa aliye karibu. Zima moto, kisha mwagia jeraha maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Maji hayo hufaa hata kama saa 3 zimepita. Usitumie barafu. Vua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba, lakini usibandue nguo iliyogandamana na ngozi. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia, mayai wala udongo. Funika jeraha kwa kitambaa safi, mkinge mgonjwa na baridi, na mfikishe hospitalini bila kukawia, hata kama anazungumza na kusema hana maumivu.