"Uvimbe" na "Mchochota": Istilahi za Damu ya Mgonjwa wa Saratani ya Nyongo

Neno uvimbe limetwishwa mzigo mkubwa mno. Mgonjwa wa Tarime au Mugumu, ambaye nyumbani huzungumza Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, akipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, huelezwa maradhi yake kwa Kiswahili. Akiambiwa kuwa "damu yaonyesha uvimbe", atadhani saratani imekwisha kuingia katika damu. Sivyo. Kinachokusudiwa ni ule upinzani wa mwili dhidi ya madhara, uletao joto, wekundu, maumivu na kufura. Kwa maana hiyo twapendekeza mchochota, na uvimbe ubakie kwa nyama iliyoota.

Mrija wa nyongo huchukua nyongo kutoka ini hadi utumbo mwembamba. (Wako wasemao mfereji; lakini mfereji kwa watu wa pwani ni bomba la maji.) Saratani ikiuziba, macho huwa manjano. Upasuaji ndio tegemeo kubwa la kupona, lakini mara nyingi ugonjwa hurejea. Ndiyo sababu madaktari hutafuta katika damu, kabla ya kupasua, vionyeshi vya mchochota. Kimojawapo ni uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe: nyutrofili 6,000 zikigawanywa kwa limfosaiti 1,500, uwiano ni 4. Kingine ni protini C-reactive (CRP), iliyogunduliwa mwaka 1930, ambayo hutengenezwa na ini. Katika kipimo chenye jina la mji wa Glasgow, protini hiyo ikizidi miligramu 10 kwa lita, na albumini ikipungua chini ya gramu 35 kwa lita, mgonjwa hupewa alama 2, iliyo mbaya kuliko zote. Kwa jumla, uwiano mkubwa na alama za juu hufuatana na maisha mafupi zaidi baada ya upasuaji.

Hapa kitenzi kutabiri chatutia mashaka, maana chanukia ramli. Vionyeshi havisemi fulani atakufa lini. Vyahusu kundi la wagonjwa. Tena, maambukizo katika mrija ulioziba huweza kupandisha hesabu hizo ingawa saratani yenyewe haikuzidi. Sisi twachagua kukadiria, na makadirio ya muda wa kuishi. Mgonjwa aambiwaye kwamba damu yake "imemtabiria" huenda akarudi kijijini na kuukataa upasuaji ambao ungemfaa.