Samaki wala mwani: Baridi ya Njombe ndiyo gharama ya kwanza

WAFANYABIASHARA wa Njombe na Makambako wanaofikiria kuweka tangi la kioo la samaki wa mapambo, ama kwa kupendezesha hoteli na ofisi, ama kwa kuzalisha na kuuza, wanashauriwa kupiga hesabu ya joto kabla ya kununua kioo. Samaki wanaosifiwa kwa kula mwani, yaani ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mawe na vioo, hawapatikani mbali. Kazi ngumu ni kuwatunza wakiwa hai kwenye nyanda za baridi.

Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012, unafika hadi Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, kwenye vijiji kama Manda na Lupingu. Kwenye miamba ya ziwa hilo wanaishi samaki wadogo wenye rangi kali, ambao soko la dunia linawaita mbuna. Mmoja wao ni Labeotropheus fuelleborni, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1926. Pua yake imetokeza juu ya mdomo, na umbo hilo humwezesha kukwangua mwani akiwa amelala sambamba na jiwe.

Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 23 hadi 28 hivi. Njombe mjini iko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Makambako iko chini kidogo, lakini nako baridi si ya kupuuzwa. Kwa hiyo samaki aliyepandishwa kutoka ziwani hawezi kuachwa kwenye maji yasiyopashwa joto.

Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kina 50. Hilo hubeba lita 200 za maji, yaani kilo 200 kabla ya mawe na kioo, hivyo meza iwe imara. Kwa baridi ya Njombe linahitaji hita ya wati 300 hivi, iwekwe nyuzi 25. Hita hiyo ikiwaka nusu ya siku hutumia yuniti 3.6 za umeme kwa siku, sawa na yuniti 108 kwa siku 30. Mfuniko wa kioo na vipande vya povu jeupe la kufungashia, vikibandikwa nyuma na kuwekwa chini ya tangi, hupunguza kiasi hicho. Kipimajoto kisikosekane.

Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na uwe na pampu ya hewa inayotumia betri. Maji mengi hupoa polepole, lakini samaki waliosongamana huishiwa hewa mapema.

Jambo la pili ni maji. Maji ya vijito vya nyanda za juu kwa kawaida ni laini, wakati mbuna wamezoea maji magumu yasiyo na uchachu. Mawe ya chokaa ndani ya tangi husaidia. Yakalishwe moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, ili samaki wanaochimba wasiyaangushe. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutumika. Tangi jipya na chujio lake viendeshwe wiki 4 hadi 6, wakiwemo samaki wachache tu, ili bakteria wanaovunja sumu ya kinyesi wapate kuzaliana. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki.

Kosa linalogharimu wengi ni kudhani kwamba mla mwani hujilisha mwenyewe. Mwani wa tangi moja haumtoshi. Vilevile utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa mimea: akilishwa nyama au dagaa kwa wingi huvimba tumbo na kufa. Hapa Njombe ina nafuu, maana mchicha, spinachi na njegere zipo sokoni. Vichemshwe kidogo bila chumvi, njegere zimenywe, wapewe mara mbili kwa siku kiasi wanachomaliza kwa dakika 3.

Kwa anayezalisha, weka dume 1 kwa majike 4 au 5, wa aina moja tu. Aina zikichanganywa huzaa machotara, na mnunuzi makini hawataki. Jike hutunza mayai na vifaranga mdomoni kwa wiki 3 hivi.

Sasa hesabu ya mwisho. Kulea vifaranga miezi 6 kwa kiwango hicho cha umeme ni yuniti 648. Ukiuza samaki 40, kila mmoja amebeba yuniti 16 hivi. Wakibaki 10 kwa sababu ya chakula kibaya, kila mmoja amebeba karibu yuniti 65. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, ongeza chakula na usafiri, ndipo uamue.

Anayetaka kuvua au kusafirisha samaki hai kibiashara aanze na ofisi ya uvuvi ya wilaya, kwani shughuli hiyo iko chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Samaki waliobaki wasimwagwe Mto Ruhudji. Maji yake huenda Kilombero na Rufiji, siyo Ziwa Nyasa, na huko mbuna ni wageni.