Krismasi ya nyumbani: Zungumzeni fedha kabla ya kupanda basi

Kuanzia katikati ya Desemba, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, hujaa familia zinazokwenda Kilimanjaro. Kwa Wachaga, kurudi nyumbani mwisho wa mwaka ni jambo la heshima. Ukikosa mwaka mmoja, majirani wa kijijini wataanza kuuliza umepatwa na nini.

Njia nzima, zaidi ya kilomita 500, watoto wanahesabu minazi na baadaye mkonge. Mzazi naye anahesabu vingine: nauli ya watu watano kwenda na kurudi, kitenge cha bibi, mchango wa mbuzi wa ukoo, vinywaji vya wageni. Nyuma ya hayo ipo Januari na kodi ya nyumba, sare, madaftari na viatu. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilishaondolewa, lakini mahitaji mengine bado ni ya mzazi. Mwenye mtoto shule binafsi ndiyo kabisa.

Mawazo ya namna hii mara nyingi hujitokeza kama hasira. Baba anafoka kwa sababu ya soda iliyomwagika. Mama anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Kichwa kinauma, chakula hakina ladha, na watoto wanajiuliza wamekosea nini.

Dawa yake huanza kabla ya safari. Mume na mke wakae na karatasi moja, waandike mahitaji ya Januari kwanza. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kisha mtu apige simu nyumbani mapema, tena kwa maneno ya wazi: “Mama, shikamoo. Mwaka huu tunakuja, ila mbuzi hatutaweza. Tutaleta mchele na sukari.” Simu hiyo inauma mara moja. Kujifanya unazo kunauma siku zote za likizo, na deni lake linafika hadi Machi. Kama safari yenyewe haiwezekani, isemwe mapema, isisubiri tarehe 23. Wazee wengi wa huko walisomesha watoto kwa kahawa, na bei ya kahawa imewahi kuwaangusha. Mfuko mtupu wanaujua kuliko watoto wao wanavyodhani.

Watoto nao waambiwe. Mtoto wa miaka tisa anaelewa kwamba mwaka huu ni nguo moja, si mbili.

Kuna mtu mwingine husahaulika: mke aliyekuja ukweni. Anaamka alfajiri, anapikia watu ishirini, anaosha vyombo hadi usiku, halafu anaambiwa yuko likizo! Mume aligawe jambo hili mwenyewe, asimwachie mkewe aombe kwa mama mkwe. Vijana wakubwa, wa kiume pia, waoshe sufuria.

Pombe haisaidii hapa. Inalegeza jioni, kisha inavuruga usingizi na kuamsha mtu na huzuni zaidi asubuhi.

Kwa familia iliyofiwa mwaka huo, uzito ni wa aina nyingine. Makaburi ya Wachaga wengi yako kihambani, kati ya migomba, hatua chache kutoka meza ya chakula. Msilazimishane kuchangamka. Nendeni kaburini pamoja, mtajeni marehemu kwa jina, mwacheni anayetaka kulia alie. Watoto wakiuliza maswali, wajibiwe.

Uchovu wa sikukuu huisha mtu akipumzika. Huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi kuharibika na kujiona hana thamani, inahitaji daktari. Kwa aliye Moshi, hospitali za Mawenzi na KCMC ziko karibu. Kwingine, aanzie kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Anayesema heri afe asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Desemba 25 na wageni wako mlangoni.

Tiketi ya kurudi ikatwe mapema, na familia ifike mjini siku mbili tatu kabla ya shule kufunguliwa, watoto walale na wazazi nao walale.