Ada za Watu wa Kijia Chembamba

Katika mbio za ridhaa za baiskeli za milimani, zile ambazo mshiriki hulipa kiingilio kwa fedha yake mwenyewe, na akishinda hupewa nishani ya bati, jozi ya soksi au tairi moja jipya, sehemu kubwa ya njia haina upana wa kupitisha watu wawili sambamba. Ni kijia kilichochongwa ubavuni mwa kilima, kikapenyezwa baina ya miti, mawe na mizizi, upana wake ni wa kutosha usukani na shubiri chache juu yake. Na aliye mbele, awe mwepesi au mzito, ndiye mwenye kijia mpaka atakaporidhia kukiachia. Mtu akiwatazama watu wa mchezo huu kwa makini, hasa huko Marekani ulikozaliwa, ataona kwamba adabu zao, daraja zao, ugomvi wao na hata sadaka zao hutoka katika wembamba huo.

Sheria zilizoandikwa ni chache na hazina fumbo. Anayesukuma au kubeba baiskeli yake humpisha anayeendesha yake. Aliyezidiwa mzunguko mzima humpisha anayemzidi. Na aliyetoka nje ya njia, kwa kuanguka au kwa kupotea, hana budi kurejea pale pale alipotokea, asije akajipatia faida hata ya hatua kumi. Lakini ada zisizoandikwa ni nyingi zaidi, na ndizo zinazompambanua mwenyeji na mgeni. Anayetaka kupita hapigi makelele matupu, bali hutaja upande: "Kushoto kwako, ukipata nafasi!" Wa mbele, ambaye pumzi zimemkaa kooni na macho yake yako kwenye mzizi unaofuata, hujibu kwa neno moja au mawili, "Baada ya jiwe," kisha akifika penye jiwe hujibana ubavuni, na mwenzake hupita huku akishukuru; na kama nyuma ya huyo anayepita wamo wengine wawili, ni wajibu wake kusema hivyo, ili aliyempisha asirudi kijiani akagongwa. Yote hayo hutendeka kwa muda wa pumzi tatu, baina ya watu ambao kila mmoja amekuja kumshinda mwenziwe. Yuko pia yule anayepiga ukelele kana kwamba msitu ni wa babake. Huyo hupishwa mara ya kwanza, na katika mbio zinazofuata masikio ya watu huwa mazito ghafla, wala hakuna mwamuzi awezaye kuthibitisha kwamba walimsikia.

Kubwa kuliko ada ya kupishana ni ada ya kumjali aliyeanguka. Hapiti mtu mbele ya aliyelala chini pasipo kumwuliza, "U mzima?", wala haendi zake kabla ya kupata jibu, na asipolipata, mbio zake zimekwisha, kwa kuwa atakaa hapo, na atakayefuata atatumwa kupeleka habari kwa msimamizi wa karibu. Kanuni rasmi za zamani zilimtaka kila mshindani aitengeneze baiskeli yake mwenyewe bila msaada wa nje, na hata leo wengi hubeba tyubu, pampu na pingili za mnyororo mfukoni au chini ya kiti. Lakini katika safu za ridhaa mtu kumpa mpinzani wake tyubu yake ya pekee si jambo la ajabu, nami sijui kipimo cha murua kilicho wazi kuliko hicho, kwa maana mtoaji, akipata pancha baadaye, atarudi kwa miguu.

Nasaba ya watu hawa si ya kale. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, kaskazini ya San Francisco, walikuwa wakitafuta baiskeli kuukuu nzito, aghalabu za Schwinn zilizoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, zenye matairi manene na breki ya kukanyaga kinyumenyume, wakazipandisha vilimani na kuteremka nazo kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kwa saa, mmoja mmoja, katika mteremko ulio karibu na mji wa Fairfax, wenye urefu wa maili mbili na ushei na unaoshuka takriban mita 400. Grisi ya breki iliungua ikatoka moshi, ikawa baada ya kila safari sharti kitovu cha gurudumu kifunguliwe kipakwe grisi upya, na kwa ajili hiyo mteremko ukaitwa Repack. Alan Bonds alishinda siku hiyo, na husimuliwa kwamba ndiye peke yake ambaye hakuanguka. Mwaka 1977 Joe Breeze, mmoja wa jamaa hao, akaunda baiskeli mpya kwa kazi hiyo makhsusi. Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli za aina hiyo. Mwaka 1983 kikaundwa chama cha kutunga kanuni, NORBA. Mwaka 1990 mashindano rasmi ya kwanza ya dunia yakafanyika Durango, Colorado. Na mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Kwa insafu yapasa kusemwa kwamba Repack haikuwa kijia, bali barabara pana ya wazima-moto. Wembamba ulikuja baadaye, pamoja na kupanda vilima, na ndipo adabu ikahitajika.

Kijia hakiwezi kupokea watu mia mbili kwa pamoja, na hiyo ndiyo asili ya daraja zao. NORBA iliwagawa watu katika wanaoanza, wa kati, mahodari na wa kulipwa; baadaye, badala ya majina, pakawekwa namba, ya tatu kwa wanaoanza mpaka ya kwanza kwa mahodari; na ndani ya kila daraja mna mafungu ya umri, wanawake kwao na wanaume kwao. Kila fungu huondoka dakika moja au mbili baada ya jingine, wenye mbio wakitangulia, na mita za kwanza mia chache huwa katika njia pana ya kupanda, makusudi watu watawanyike. Hapo watu wazima wenye watoto na kazi za heshima husukumana kwa viwiko, kwa sababu anayeingia kijiani akiwa wa ishirini atabaki wa ishirini kwa kitambo kirefu. Mwanamume wa miaka 50 hana shindano na kijana wa miaka 20, hata wakiwa msituni siku moja. Dunia yake yote ni wale kumi na watano wa rika lake, anaowafahamu kwa majina, kwa kazi zao, kwa goti linalowauma na kwa kilima kinachowalegeza. Na ushindani baina ya wa saba na wa nane katika fungu hilo, ambao hakuna mtazamaji anayeuona wala gazeti litakaloutaja, huweza kudumu miaka kumi, huku wenyewe wakialikana harusi za watoto wao.

Kosa linalochukiwa kuliko yote ni la mtu mwenye nguvu za kupanda daraja kubaki chini makusudi, ili ashinde kila juma. Sheria humshika polepole. Ulimi humshika upesi. Akipanda jukwaani makofi huwa machache, na mzee mmoja hakosi kumwuliza kwa upole uliopita kiasi kama hakuchoka kuwafunza wanafunzi.

Tuzo zenyewe, kama nilivyosema, hazitajirishi mtu, lakini zina taadhima yake. Huko Leadville, Colorado, mji wa wachimba madini ulio juu ya mita 3,000, tangu mwaka 1994 hufanyika mbio za maili 100, na kila anayezimaliza katika saa 12 hupewa bizimu ya mkanda. Anayezimaliza chini ya saa 9 hupewa bizimu kubwa zaidi. Wako watu wanaofanya mazoezi mwaka mzima, wakiamka kabla ya alfajiri na kuwaudhi wake au waume zao, kwa ajili ya tofauti ya bizimu mbili. Siwacheki. Bizimu huvaliwa kazini Jumatatu, na wanaoijua huisoma kwa mbali.

Dave Wiens alizishinda mbio hizo mara sita mfululizo, kuanzia 2003 mpaka 2008, na katika ile ya mwisho alimtangulia Lance Armstrong mwenyewe, mwendeshaji mashuhuri wa baiskeli za barabarani. Lakini ukiwauliza watu wa kijiani sababu ya kumheshimu, wengi watakutajia jembe kabla ya bizimu: mwaka 2006 alianzisha jumuiya ya kutunza vijia huko kwao Gunnison, na mwaka 2017 akawa kiongozi wa IMBA, chama kilichoasisiwa mwaka 1988 baada ya wapanda baiskeli wa California kukatazwa njia nyingi, kwa malalamiko ya waendao kwa miguu na wapanda farasi. Katika hifadhi za nyika zilizowekwa chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1964 baiskeli hairuhusiwi kabisa. Kwingineko ruhusa hutegemea sifa njema. Kwa hiyo kila kundi la mbio lina siku zake za kazi, ambazo watu huja na majembe, mashoka na misumeno, wakachimba mifereji ya kutolea maji, wakapanga mawe penye matope na kukata miti iliyoanguka, bila ujira isipokuwa chakula cha mchana. Siku ya mvua kubwa mbio huahirishwa, hata kama watu wamesafiri saa tano, kwa maana tairi mia mbili katika udongo mbichi huharibu kwa asubuhi moja kilichojengwa kwa miezi. Mshindi asiyeonekana siku za jembe huitwa mgeni, ingawa alizaliwa mtaa wa pili.

Wanawake walikuwa wachache tangu mwanzo, na hata leo aghalabu huondoka mwisho, wakakuta kijia kimejaa wanaume waliochoka na wasiopenda kupishana nao. Jacquie Phelan, bingwa wa NORBA mara tatu katika miaka ya mwanzo, aliwakusanya wenziwe katika chama cha baiskeli na chai, WOMBATS, chenye mzaha mwingi na mafunzo ya kweli. Na chai ile, kwa maoni yangu, iliwavuta wanawake wengi kuliko tangazo lolote.

Duathloni ya nyikani, ndugu ya mbio hizi, ina mambo yake. Ndani yake mtu hukimbia kwa miguu, akaendesha baiskeli, kisha akakimbia tena, na hupendwa zaidi mwanzoni mwa majira ya kuchipua, maji yakiwa bado baridi mno kwa waogeleaji. Hapo jamaa mbili hukutana, wakimbiaji na wapanda baiskeli. Msomaji anayezijua mbio za nyika atawatambua wale wa kwanza kwa wembamba wa miguu yao: hufika kwanza kwenye ua wa baiskeli, wakahangaika na kofia, ambayo kanuni humtaka kila mtu aifunge kidevuni kabla ya kugusa baiskeli yake na asiifungue mpaka ameirudisha mahali pake. Hubishana milele kama ni heri kubadili viatu, ili mguu ushikane na pedali, au kuendesha kwa viatu vile vile vya kukimbilia na kuokoa nusu dakika. Katika mteremko hushika breki penye kila mzizi, na nyuma yao hujipanga safu ya wapanda baiskeli wenye subira inayopungua. Hawajui ada ya kutaja upande, na wengine husimama katikati ya kijia wakidhani ndiyo heshima. Malipo huja katika mbio za mwisho, mpanda baiskeli anaposhuka na kuona magoti hayamtii, na wale wale aliowapita kwa fahari wakampita mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwa sauti ya upole, "Kushoto kwako."

Karibu nasi, Mlima Kenya una mashindano yaitwayo 10to4, kwa kuwa njia huanzia futi 10,000 na kushuka mpaka futi 4,000, na fedha zake huisaidia Mount Kenya Trust, inayohifadhi msitu na ushoroba wa tembo, ambao hupita chini ya barabara ya Nanyuki na Meru. Ada ya kupisha huko ina mhusika mwingine, naye hataji upande.

Mbio zikiisha, hakuna anayekwenda zake mapema. Watoto wadogo hupewa mzunguko wao mfupi, kila mmoja akapata nishani, nyama huchomwa, karatasi ya matokeo hubandikwa, na watu huizunguka wakisimuliana pancha zao, mnyororo uliokatika na yule aliyewazuia kijiani. Utepe ulioonyesha njia lazima uondolewe msituni kabla ya jua kuchwa, kwa sharti la mwenye ardhi. Na msimamizi mwerevu, akimwona mtu anayelalamikia sekunde zake kwa nguvu nyingi mno, humkabidhi gunia na kumwonyesha kilima cha kuanzia.