Mtoto mahututi Garissa: Nani atampokea usiku?

Msomaji, chukua mfano wa mama anayetoka viungani mwa mji wa Garissa akiwa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Mtoto ameharisha siku tatu, macho yamedidimia, mikono na miguu ni baridi. Wanafika hospitalini saa nane za usiku. Yamkini atakayewapokea si daktari bingwa wa watoto. Aghalabu ni muuguzi, au afisa wa kliniki anayesubiriwa na wagonjwa wengine chungu nzima.

Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa kabla ya saa 24 kwisha tangu walipofika. Ndiyo sababu elimu ya huyo anayewapokea mlangoni ni jambo la uhai na kifo.

Ubingwa wa kutibu watoto mahututi huchukua muda mrefu. Daktari husomea shahada ya kwanza, akafanya kazi ya mafunzo hospitalini mwaka mzima, kisha akasomea ubingwa wa magonjwa ya watoto kwa miaka isiyopungua mitatu. Baada ya hapo ndipo anapoweza kujiunga na mafunzo ya miaka miwili ya huduma ya dharura na wagonjwa mahututi watoto, yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na hospitali za Kenyatta na Kijabe. Ni mpango wa kujivunia. Lakini Garissa iko kama kilomita 370 kutoka Nairobi, na Mandera kama kilomita 1,000.

Je, elimu hiyo yote ni ya nini, ilhali kila mtu anajua kwamba mtoto aliyeishiwa maji huongezwa maji? Hapa ndipo penye kitendawili.

Kwa miaka mingi sisi madaktari tulifunzwa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye mikono imekuwa baridi na mapigo ya moyo yanakwenda mbio atiwe maji mengi ya mishipani, tena upesi. Mnamo 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, uliohusisha zaidi ya watoto 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kati ya kila watoto 100 waliotiwa maji kwa kasi, zaidi ya 10 walifariki katika saa 48. Kati ya wale ambao hawakutiwa kwa kasi, walifariki 7 hivi. Dawa tuliyoiamini ilikuwa ikiua.

Hata hivyo, wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwa katika utafiti huo, na hao ndio wanaojaa wadi za Garissa, Wajir na Mandera mvua inapokosekana. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha hadi mikono ikawa baridi huhitaji maji ya mishipani haraka. Mwenye utapiamlo mkali hupewa polepole kwa kipimo, maana moyo wake umedhoofika na unaweza kulemewa. Tena sukari yake ya damu huenda imeshuka. Watoto watatu, mikono baridi ile ile, matibabu matatu. Asiyefunzwa ataona ugonjwa mmoja tu.

Bahati njema, si lazima kila mhudumu awe bingwa. Kuna mafunzo ya siku tano, ETAT+, yaliyobuniwa humu humu Kenya kutokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari huketi darasa moja. Huzoezwa kumpambanua mtoto mahututi katika foleni, na hushika mwanasesere wakajifunza kumpumulisha kwa mfuko na barakoa. Kwa maoni yangu, bingwa mmoja anayefunza wauguzi 40 Garissa ana faida kuliko mabingwa watano waliobaki Nairobi.

Taabu ni kwamba waliofunzwa huhama. Baada ya abiria 28 kuuawa karibu na Mandera Novemba 2014, na watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, wahudumu wengi waliotoka sehemu nyingine waliondoka. Kwa hiyo mafunzo hayawezi kuwa ya mara moja, na vijana wazaliwa wa eneo hilo ndio wanaofaa kutangulizwa. Tangu 2013 huduma hizi zimo mikononi mwa kaunti; muulize mwakilishi wako ni wangapi wa zamu ya usiku waliofunzwa.

Nawe, popote ulipo, ukiona mtoto anapumua kwa shida, ana degedege, amelegea haamki, ni baridi mikononi, au ngozi ya tumbo ukiifinya inakawia kurudi, usikae kwenye foleni. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi umwambie ulichokiona. Na ikiwa bado anaweza kunywa, endelea kumnyonyesha na kumpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti njiani.